Penye miti hapana majina

Mwezi uliopita nilialikwa, pamoja na wazazi wengine watatu, kuandamana na wanafunzi wa Gredi ya Tano katika ziara ya masomo. Kitinda mimba wangu yumo katika darasa hilo, nami, kama walivyo wahadhiri wengi, hudhaniwa kuwa nina wakati wa kupoteza. Tulikwenda kuzuru bustani moja ya mimea. Sitaitaja bustani yenyewe wala shule, kwa kuwa lawama niliyo nayo haiwahusu wao peke yao. Sehemu yake kubwa, kama msomaji atakavyoona, yaniangukia mimi mwenyewe.

Basi letu liliwasili mwendo wa saa tatu asubuhi, umande ungali juu ya nyasi. Kila mtoto alikuwa na penseli na karatasi iliyochorwa safu tatu: ya kwanza ya jina la kisayansi, ya pili ya jina la Kiingereza na ya tatu ya matumizi ya mti. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mtoto alisogea hadi kwenye mti, akasoma kibao, akanakili, kisha akaenda kwenye mti wa pili. Katika muda wa saa moja karatasi nyingi zilikuwa zimejaa hadi nusu. Niligundua, hata hivyo, kwamba watoto walikuwa wakivitazama vibao tu, miti hawakuitazama. Mmoja wao alinakili maneno ya kibao kilichokuwa kimeanguka chini ya mti usio wake, na hakuna aliyemsahihisha.

Ndipo tukafika kwenye mti mmoja wenye majani mabichi ya kung'aa. Kibao kilisema Warburgia ugandensis. Mvulana mmoja, mdogo wa umbo, alisema kwa furaha ya mtu aliyekutana na jirani yake mjini: "Huu ni muthiga! Cucu hunichemshia gome lake nikikohoa."

Mwalimu alimkata kauli. Alimwambia, wala si kwa ukali, kwamba hapa hatumo kijijini, na kwamba aandike kilichoandikwa kwenye kibao. Wenzake wakacheka. Mvulana akainamisha kichwa, akaandika Warburgia kwa makosa mawili ya tahajia.

Kicheko kilipokoma, binti mmoja aliinua mkono akauliza swali ambalo halijaniacha hadi leo: "Mwalimu, na kwa Kiswahili unaitwaje?"

Mwalimu alinitazama. Aliijua kazi yangu. "Tumebahatika," akawaambia watoto, "leo tunaye daktari wa lugha." Nyuso zote zikanigeukia. Ndugu msomaji, daktari wa lugha hakuwa na jibu.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyekuwa akifagia majani kando ya njia. "Kwetu Bomet huo ni soget," alisema, akiegemea ufagio wake. "Wamaasai nao huuita osokonoi. Ukisumbuliwa na kifua, chemsha gome lake unywe. Lakini usilibandue kuuzunguka mti wote, maana utakauka. Bandua upande mmoja tu, tena kidogo." Alizungumza kwa muda wa dakika tano hivi, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile watoto waliacha kuandika wakainua macho kuutazama mti. Alipomaliza, walirudi kwenye karatasi zao. Hapakuwa na safu ya kuandika maneno ya mzee.

Nisieleweke vibaya. Simo miongoni mwa wale wanaoamini kwamba kila kilichotoka ng'ambo ni adui. Jina la kisayansi lina kazi yake, nayo ni kazi kubwa. Tangu Carolus Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, alipochapisha kitabu chake mwaka 1753 na kuupa kila mmea jina la maneno mawili, wataalamu wa Nairobi, Tokyo na London wameweza kuandikiana juu ya mmea mmoja bila ya kukanganyana. Mtoto wa Kenya anastahili kuujua utaratibu huo, maana huenda kesho akawa mmoja wa wataalamu hao.

Lakini hebu tujiulize jina hilo linatuambia nini. Warburgia ni kumbukumbu ya Otto Warburg, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani. Ugandensis ni kusema tu kwamba mti ni wa Uganda. Basi! Kifua hakimo, gome halimo, ukali wa jani lake mdomoni haumo. Ni jina lenye adabu, la kuwakumbuka wenye elimu, lakini halimfundishi mtoto lolote kuhusu mti.

Tena wakati mwingine hupotosha. Mkwaju wetu huitwa Tamarindus indica. Neno la kwanza limetokana na Kiarabu, tamr hindi, yaani tende ya Kihindi. La pili nalo ni Kilatini cha kusema mti ni wa India. Mkwaju, kwa hiyo, umefanywa Mhindi mara mbili, ilhali wanasayansi wanauhesabu kuwa mti wa asili ya Afrika ya kitropiki! Makosa ya namna hii si ya ajabu. Yanatukumbusha tu kwamba jina, hata la kisayansi, limetungwa na mtu aliyesimama mahali fulani akautazama mti kutoka upande wake.

Majina ya wenyeji nayo yametungwa na watu waliosimama mahali fulani, ila wao walisimama karibu na mti. Mwarobaini ulitujia kutoka Bara Hindi. Waswahili walipoupokea hawakuuliza uligunduliwa na nani, waliuliza unatibu nini, wakajibiwa kuwa unatibu maradhi arobaini. Hesabu hiyo si ya maabara, lakini matumizi yamo ndani ya jina. Mkaratusi, mti wa Australia, uliitwa na Wagikuyu munyua maai, yaani mnywa maji. Mnamo mwaka 2009 serikali iliamuru mikaratusi iliyopandwa kandokando ya mito na chemchemi ing'olewe kwa kuwa inafyonza maji mengi. Bibi aliyekuwa akilima bondeni alikwisha kuitoa hukumu hiyo kwa maneno mawili, miaka mingi kabla ya agizo kuandikwa.

Lugha haihifadhi elimu katika majina peke yake. Huihifadhi hata katika sarufi. Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili anafahamu kwamba miti imewekwa katika ngeli yake, mti na miti, na kwamba matunda mengi yamewekwa katika ngeli nyingine: mwembe huzaa embe, mchungwa huzaa chungwa. Na pale ambapo mmea umeshikamana na maisha ya watu, lugha haitosheki na jina moja. Tunda la mnazi huanza kuwa kidaka, likawa kitale, likawa dafu, likawa koroma, ndipo likawa nazi. Mtoto anayeyajua maneno haya matano amekwisha kujifunza somo zima la ukuaji wa tunda, na hajafungua kitabu.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu. Babu yangu alikuwa mkata boriti, na nilipokuwa na umri wa mwanangu aliwahi kunichukua kwenye mashua hadi mikokoni. Kwa mgeni, mikoko yote ni mmoja: msitu wa kijani uliosimama ndani ya tope. Kwa babu ulikuwa mji wenye kabila mbalimbali. Kulikuwa na mkoko wenyewe, wenye mizizi kama miguu ya kaa. Kulikuwa na mchu, mkandaa, muia, mkomafi na mlilana, kila mmoja na mahali pake, wengine karibu na maji makuu, wengine karibu na nchi kavu. Miti iliyokatwa nayo ilipangwa kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Babu hakuwa na shahada. Alikuwa na majina, na kwa majina hayo alijua ni mti upi wa kukatwa na upi wa kuachwa ukue.

Hapo ndipo ninapokiri upungufu wa lugha niipendayo. Kiswahili ni mwana wa pwani. Kina utajiri wa mikoko na minazi, lakini kilipopanda milima kuja bara kilikuja na msafara wa biashara, kisha na utawala, na wasafiri hawa hawakuwa na wakati wa kuuliza majina ya miti ya milimani. Ndiyo maana niliduwaa mbele ya mti ule. Kiswahili changu ni cha maji ya chumvi. Muthiga ni mti wa nyanda za juu.

Je, tufanyeje? Wapo watakaosema kwamba lugha za Kenya zina majina mengi mno, na kwamba kuyaleta yote shuleni ni kuwachanganya watoto. Hoja hii ina uzito, lakini historia ya lugha zetu inaijibu vizuri. Chukua mti ambao wataalamu huuita Juniperus procera, ule ambao mbao zake zilisafirishwa Ulaya zikachongwe penseli. Wakalenjin huuita tarakwet. Wamaasai huuita oltarakwai. Wagikuyu huuita mutarakwa. Lugha mbili za kwanza ni za jamii ya Kinailoti. Ya tatu ni ya Kibantu. Kwa nasaba hazikaribiani hata kidogo, na hata hivyo shina la neno ni moja. Watu hawa walikutana msituni, pengine kwa kubadilishana asali na ngozi, pengine kwa kugombana, na jina la mti likavuka mpaka. Kila lugha ililivika vazi lake: Kikalenjin kikaliongezea kiambishi mwishoni, Kigikuyu kikaliongezea kiambishi cha miti mwanzoni. Hakuna kamati iliyokaa.

Kama babu zetu waliweza kuazimana majina bila ya shule, nasi tunaweza. Kiswahili hakitakuwa kimeharibika kikisema mthiga na mithiga, au mtarakwa na mitarakwa. Ngeli ipo, imekaa tayari kuwapokea wageni, kama ilivyoupokea mkaratusi. Lugha ya taifa haiwi ya taifa kwa kuandikwa hivyo katika Katiba. Huwa ya taifa inapokubali kubeba mizigo ya lugha nyingine za nchi.

Inafaa pia tukumbuke bustani hizi zilianza vipi katika eneo letu. Ile ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1898. Ile ya Amani, katika milima ya Usambara, Wajerumani waliianzisha mwaka 1902 ili wajaribu mazao ambayo yangeinufaisha dola yao. Bustani ya miti ya Nairobi, ambayo wakazi wa jiji wanaifahamu kwa jina la Arboretum, ilianza mwaka 1907, ikikusudiwa kujaribia miti ya kigeni ambayo ingefaa kupandwa katika misitu ya koloni, wakati reli ikiwa na njaa kubwa ya kuni. Hazikuwa bustani za watoto wetu. Mwenye bustani aliyapanga maarifa kwa lugha ya wale aliotaka wayasome, na hilo si la kushangaza. La kushangaza ni kwamba bustani zimekwisha kuwa zetu, watoto ni wetu, walimu ni wetu, na bado karatasi tunayowachorea ina safu zilezile.

Msomaji wa makamo atakumbuka kile kipande cha ubao kilichokuwa kikivishwa shingoni mwa mwanafunzi aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani. Mimi nilikivaa kwa kosa la kusema Kiswahili, katika mji ambao hata paka huitwa kwa Kiswahili. Kilikuwa kipande cha mti. Katika miaka yote ile hakuna mwalimu aliyetuambia ni cha mti gani. Siku hizi ubao ule umepungua, na mtaala mpya unataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Hata hivyo kicheko kile nilichokisikia bustanini kilinionyesha kwamba ubao waweza kuondolewa shingoni ukabaki moyoni.

Pengine utasema kwamba haya ni mambo ya wasomi wa lugha, wasio na kazi nyingine. Sivyo. Mwezi wa Desemba mwaka 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 taifa zima lilipewa mapumziko ili watu wapande miti. Ni nia njema. Lakini nenda kwenye kitalu chochote cha miche kando ya barabara, umsikilize mnunuzi. Ataomba mkaratusi, ataomba mgrevilea, kwa kuwa hayo ndiyo majina anayoyajua. Muuzaji naye huotesha kinachoombwa. Mti usio na jina kinywani mwa mnunuzi hauoteshwi kitaluni, na usiooteshwa kitaluni haupandwi. Hivyo ndivyo mti unavyotoweka, kwanza katika ulimi, halafu katika ardhi.

Ipo hasara nyingine pia. Muiri wa Wagikuyu, ambao Waluhya huuita mwiritsa, ndio Prunus africana. Gome lake hutumiwa kutengenezea dawa za tezi ya kibofu kwa wanaume, dawa zinazouzwa Ulaya. Mti huo ulivunwa kwa pupa barani Afrika, hata tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa imewekwa chini ya udhibiti wa mkataba unaolinda viumbe vilivyo hatarini. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 69, inaitaka Serikali ilinde maarifa ya jadi ya jamii zetu kuhusu viumbe na mimea. Na mwaka 2016 ikapitishwa sheria mahususi ya kulinda maarifa hayo. Sheria ni nzuri, lakini sheria hulinda kilichopo. Bibi akifa na mjukuu wake amefundishwa kuona haya, hapana kilichobaki cha kulindwa. Mwizi hatahitaji kuvunja mlango.

Marehemu Profesa Wangari Maathai alisimulia katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 2006, kwamba alipokuwa mtoto mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mugumo, akimwambia kwamba huo ni mti wa Mungu. Alipokwisha kusoma na kuwa mwanasayansi ndipo alipotambua uhusiano uliokuwapo kati ya mizizi ya mti ule na chemchemi iliyokuwa karibu nayo. Maneno machache ya mama yalikuwa yamelinda maji. Mwanamke huyo aliyeanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2004 hakulazimika kuchagua kati ya maabara na mama yake. Kwa nini tumlazimishe mvulana wa Gredi ya Tano?

Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha za mkopo. Kwanza, karatasi ya ziara iongezwe safu mbili: jina la Kiswahili, na jina la nyumbani kwa mtoto. Palipo wazi pabaki wazi, maana pengo nalo hufundisha. Mtoto atakwenda kuuliza. Pili, ziara ianzie nyumbani. Wiki moja kabla ya safari kila mwanafunzi aulize mzazi, nyanya au jirani majina ya miti mitano na kazi zake, aje nayo darasani. Walioko mijini wasio na nyanya karibu wana simu. Tatu, wale wanaofagia na kupalilia bustani hizi wapewe nafasi ya kuzungumza na watoto. Katika bustani tuliyoizuru, mtu mwenye elimu kubwa zaidi kuhusu mti ule alikuwa ameshika ufagio.

Kwa upande wetu sisi wa vyuo vikuu, tuna deni. Tumetunga istilahi za kompyuta, za sheria na za benki, na tumefanya vizuri. Lakini kamusi ya miti ya nchi nzima, inayoweka bega kwa bega jina la Kilatini, la Kiswahili na la kila jamii inayoufahamu mti huo, ingepasa kuwa mkononi mwa kila mwalimu. Kazi hiyo haitafanywa ofisini. Itafanywa kwa kutembea msituni nyuma ya wazee ambao kila mwaka wanapungua.

Tulipokuwa tukirudi, yule mvulana alikuwa ameketi kiti cha mbele yangu. Nilimwinamia nikamwomba anitamkie tena jina la mti wake. Alinitazama kwanza kama anayechungulia mtego, kisha akalitamka polepole: muthiga. Akatoa mfukoni jani alilokuwa ameliokota chini ya mti, akanikatia kipande. "Tafuna, Mwalimu," akasema. Nilitafuna. Lilikuwa kali kama pilipili, na ukali wake haukuniisha mdomoni hadi tulipofika shuleni.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Siku ile bustanini wajenzi walikuwapo: mvulana alikuwapo, mzee wa ufagio alikuwapo, hata binti wa kuuliza swali alikuwapo. Sisi watu wazima ndio tuliowanyamazisha. Shule zikifungwa nitamchukua mwanangu hadi Lamu, kwa ndugu yake babu aliyesalia, atupeleke mikokoni. Nitachukua daftari lenye safu tano. Nataka tuzijaze kabla mzee hajachoka kupanda mashua.